Choo Kigumu: Tuanze na Maji

Nilimtembelea bibi mmoja aliyetoka Macaloe kama mimi. Siku ya tano hajapata choo. Nikamuuliza anakunywa maji kiasi gani. Akasema: "Kikombe kimoja, mjukuu wangu. Nikizidisha nitatoka usiku, na choo kiko mbali."

Tatizo ndilo hilo. Mwili ukikosa maji, utumbo mpana hunyonya maji yaliyomo kwenye choo, nacho hukauka. Ukikibana kinazidi ugumu. Kwa hiyo kunywa maji safi mara kwa mara tangu asubuhi, upunguze jioni. Nenda chooni baada ya chakula cha asubuhi, maana tumbo likipokea chakula, utumbo huamka. Usiku mwombe jirani akusindikize, si aibu.

Papai bivu na maji ya ukwaju husaidia. Kisamvu pia, kipikwe sana, na maharage pamoja na maganda yake. Ongeza kidogo kidogo, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu huweza kufunga choo. Usiviache, mwambie mkunga.

Usimtie mtoto kipande cha sabuni wala dawa ya mizizi huko nyuma. Vinaunguza! Aliye chini ya miezi 6 anyonye tu. Huweza kukaa siku kadhaa bila choo akawa mzima, mradi kikija ni laini.

Tumbo likivimba, ukitapika, hata upepo ukigoma kutoka, au ukiona damu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.