Pishi, Debe na Busheli

Katika Mathayo 5 twasoma habari za taa isiyofaa kufunikwa kwa pishi. Biblia ya Kiingereza ya zamani yaandika hapo "busheli". Vyote viwili ni vipimo vya nafaka, wala si sawa: pishi ni vibaba 4 tu, na busheli ya Marekani ni lita 35 na kidogo. Nasi huku Kamuli twapima kwa debe. Yafaa basi tujue kuvilinganisha, kwa maana bei ya mahindi ya soko la Chicago, na mavuno katika vitabu vya kilimo vya Marekani, hutajwa kwa busheli.

Kwanza tufahamu hivi: chombo hupima ujazo, mizani hupima uzito. Jaza debe moja mahindi, na jingine karanga zenye maganda. Kwa macho ni sawa, lakini mizani yakataa. Kwa sababu hiyo Wamarekani waliiwekea kila nafaka uzito wa busheli yake. Mahindi yaliyopukuchuliwa ni ratli 56, yaani kilo 25.4, ngano, soya na maharage ni ratli 60, yaani kilo 27.2.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya kilo zako kwa uzito wa busheli moja. Gunia la kilo 100:

Mahindi: 100 ÷ 25.4 = busheli 3.94.
Maharage: 100 ÷ 27.2 = busheli 3.68.

Basi kitabu kikisema eka moja yatoa busheli 40 za mahindi, zidisha kwa 25.4, ni kilo 1,016, kama magunia 10.

Faida ya hesabu hii ni nini? Tuseme debe la mahindi lililosawazishwa lina kilo 17, na lenye kilima lina kilo 19. Mkulima akiuza madebe 6 ya kilima kwa bei ya yaliyosawazishwa, amepoteza kilo 12, karibu nusu busheli, ambayo ni chakula cha watoto wake. Lumbesa nayo ni hasara ile ile ndani ya gunia, na sheria ya vipimo yaikataza. Tena Kumbukumbu la Torati 25 yatukataza kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia.

Kwa hiyo tupime kwa mizani kabla mnunuzi hajafika, tuandike kilo, ndipo tupatane bei.

Swali: Gunia la maharage la kilo 90 ni busheli ngapi? (Jibu: 3.31.)