UFUPISHO: Kupanda Mlima kwa Baiskeli Juani

Kuna mwanafunzi anayezungumza Kiswahili sanifu bila kukwaa na bado anapata alama 5 kati ya 15 katika ufupisho. Kosa lake huwa lile lile: amenakili mifano, hoja ameziacha kwenye kifungu. Soma kifungu kifuatacho mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Kifungu

Mji wa Iten uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Anayepanda kutoka bondeni kwa baiskeli, kwa njia za udongo na mawe, tena mchana, hudhani kwamba atashindwa na miguu. Mara nyingi hushindwa na joto. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo. Inayobaki huwa joto. Kwenye tambarare, mathalani kando ya mashamba ya maembe kule chini, upepo wa mwendo hukausha jasho, nalo likikauka huondoka na joto la ngozi. Mlimani mwendeshaji hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi, hivyo mwili huzidi kutoa joto. Isitoshe, baiskeli hujikokota kama mkokoteni wa punda na upepo ule hupungua. Jasho hutiririka usoni na kudondoka mavumbini kabla ya kukauka, wala haliupozi mwili.

Maji pekee hayatoshi. Jasho hubeba chumvi, na anayekunywa maji matupu kupita kiasi huizimua chumvi iliyosalia katika damu. Anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuzirai. Mwendeshaji mwenye uzoefu huondoka alfajiri, hunywa kidogo kidogo anapohisi kiu, hutia chumvi na sukari katika chupa yake, na hupunguza kasi mapema. Mwenzake akianza kuyumba au kusema mambo yasiyoeleweka, humshusha, humweka kivulini na kummwagia maji baridi papo hapo huku msaada wa daktari ukiitwa.

Maswali

(a) Kwa maneno 35–40, eleza kwa nini mwendeshaji huzidiwa na joto anapopanda mlima. (alama 6, 1 ya mtiririko)

Tufanye hili pamoja. Iten, maembe, punda na vumbi ni mapambo, yaache. (Punda huwavutia watahiniwa ajabu. Nimemkuta katika majibu mengi kuliko hoja yenyewe.) Sentensi inayohitaji uangalifu ni ile ya tambarare. Swali linauliza kuhusu mlima, kwa hivyo wengi huifuta yote. Lakini ndiyo inayotueleza kazi ya upepo, na bila hiyo hoja ya kwenda polepole haina maana. Chukua kiini chake tu:

Misuli hugeuza sehemu kubwa ya nishati kuwa joto. Mlimani mwendeshaji hutumia nguvu zaidi, hivyo joto huongezeka. Aidha, baiskeli huenda polepole na upepo wa kukausha jasho hupungua. Kwa sababu hiyo, jasho hudondoka kabla ya kukauka, nao mwili haupoi.

Hayo ni maneno 37. Tazama “aidha” na “kwa sababu hiyo”: hapo ndipo alama ya mtiririko inapopatikana. Ukizidisha maneno 40, unaweza kupoteza alama hata kama hoja yako bora iko katika neno la 41.

(b) Kwa maneno 35–40, eleza hatua zinazochukuliwa ili joto lisimdhuru mwendeshaji au mwenzake. (alama 6, 1 ya mtiririko)

Hili ni lako. Kutapika na kuzirai ni matokeo, na kuyumba ni dalili. Kilichoulizwa ni hatua. Ziko saba au zaidi katika aya ya pili, nawe huna nafasi ya kupoteza neno. Andika nakala chafu kwanza, hesabu maneno, kisha uandike nakala safi.