Mkorosho Wenye Shina Nene

Asubuhi ya Julai, ubaridi ukiwa bado haujaondoka, ingia shamba la mikorosho Newala au Masasi. Shika tawi lililoanza kuchanua. Ukikuta maua na majani machanga yamepakwa unga mweupe, kama mtu aliyetoka kutwanga muhogo kayapangusia mikono, huo ni ubwiriunga, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Maua hukauka na kupukutika. Shina laweza kuwa nene hata mtu mmoja asiweze kulikumbatia, na bado msimu ukifika huokoti kitu.

Tuanzie hapo: unene wa shina hauelezi hali ya ua.

Kwa binadamu, misuli ni shina, na akili ni ua. Usingizi, hamu ya kula, umakini na furaha vinasimamiwa na ubongo, ambao seli zake hupashana habari kwa umeme na kemikali. Sonona ni ugonjwa unaovuruga kazi hiyo. Huzuni ya kufungwa mechi hupoa yenyewe. Sonona hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya kutwa: mtu hana raha na alichokipenda, halali vizuri, amechoka bila kazi, anajiona hafai, pengine anawaza kufa.

Ubwiriunga una chanzo kimoja. Sonona ina vyanzo vingi vinavyoshikana: kurithi, msongo wa muda mrefu, kufiwa, kuumia, upweke. Mazoezi husaidia kuipunguza, lakini si kinga kamili. Mwanamichezo mkubwa naye ana majeraha, macho ya umati, na utupu unaobaki lengo la miaka minne, kama Olimpiki, likishapita.

Ushahidi upo. Mwaka 2021 Naomi Osaka wa Japani alijitoa kwenye mashindano ya tenisi ya wazi ya Ufaransa, akaeleza kuwa amekuwa akipatwa na sonona tangu 2018. Hesabu: kuanzia 2019 hadi alipojitoa alitwaa mataji makubwa matatu. Kushinda hakukuwa dalili ya uzima.

Muogeleaji Michael Phelps wa Marekani amesimulia kwamba baada ya Olimpiki ya London, 2012, hakutaka tena kuishi. Mwaka 2014 alikwenda kutibiwa. Mwaka 2016, Rio, alipata dhahabu tano.

Matibabu yenyewe ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, dawa zinazohitaji wiki kadhaa kufanya kazi, au vyote viwili. Yanataka subira, na huanza pale mgonjwa anaposema.

Kijana wa timu ya mtaani akisema, "Mwenzenu siko sawa," tunamjibu, "Jikaze." Mkulima hauambii mkorosho ujikaze. Hukagua ua, huwasha mashine na kupuliza salfa mapema, kabla unga haujaenea. Siku zikipita, hurudia. Kijana huyo naye tumsikilize, kisha tumsindikize hospitali.