Mlima wa Kugeuka Sura: Mchoraji Auchoreje?

Inapokaribia Sikukuu ya Kugeuka Sura Bwana, tarehe 6 Agosti, tunakutana tena na picha tuliyoizoea: mlima mrefu wenye kilele cheupe, na Bwana juu kabisa, mbali na watu. Mlima huo unafanana mno na Kilimanjaro ya picha za Tingatinga wanazouziwa watalii, ila tembo na twiga wameondolewa.

Injili haiutaji mlima ule kwa jina. Mapokeo ya kale husema ni Tabor, huko Galilaya, kilima cha mviringo kisichofika mita 600 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Nansio, hata tukiwa gatini tunasubiri kivuko, tuko kwenye mita zaidi ya 1,100, maana ziwa letu lenyewe liko juu hivyo! Urefu, basi, si hoja.

Raphael, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1520, katika kazi yake ya mwisho, iliyoko Vatikano, aliufanya mlima wa Bwana kuwa mdogo, karibu kama kichuguu. Sehemu yote ya chini amewapa mitume waliobaki, pamoja na yule mvulana mwenye pepo waliyeshindwa kumponya. Mathayo anayasimulia hayo moja baada ya jingine (17:1-21). Raphael ameyaweka kwenye ubao mmoja.

Kwetu tunaye Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Huyu alikulia kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na alichopenda kuchora ni maisha ya vijijini kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Tunadhani aliyekulia mlimani huuona kwanza kama makazi ya watu.

Petro alitaka kujenga vibanda vitatu wabaki kule juu, Bwana akawashusha. Picha isiyo na bonde inamwachia Petro vibanda vyake.

Kwa hiyo parokia inayotaka kuchoresha ukuta wa nyuma ya altare izungumze na mchoraji kabla hajapanda ngazi. Kilele kikiwa kidogo hakuna ubaya. Ile nafasi ya chini, inayolingana na macho ya watoto wa Utoto Mtakatifu wanaokaa mbele kwenye mikeka, wachorwe pale yule mvulana na baba yake.