Maembe ya Msimu: Tuyaoke Kabla Hayajaoza

Kuanzia Desemba mpaka Machi, ukipita Makueni, Machakos na sehemu nyingi za Kitui utakuta maembe yamelala chini ya miti, mengine yamepasuka, nzi wamejaa. Mnunuzi alikuja na lori, akachagua yale makubwa yasiyo na doa, akaenda zake. Yaliyobaki watoto wanakula mpaka wanachoka, halafu yanakuwa ya mbuzi. Na wiki hiyohiyo, mama wa boma hilo anatuma mtoto dukani kununua keki.

Katika somo hili tunaeleza njia moja rahisi ya kuyatumia: kuyaoka yakiwa yamefunikwa kwa chengachenga za unga, sukari na majarini. Haitaki mayai, haitaki hamira, wala haitaki oveni ya stima.

Chakula hiki kinapendwa sana Marekani, na huko wengi wanakipika kwa buluberi. Hilo ni tunda dogo la mviringo, samawati iliyokolea karibu nyeusi. Zamani lilichumwa porini tu. Mwaka wa 1911 Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, alianza kushirikiana na mtaalamu wa mimea Frederick Coville, na mwaka wa 1916 wakauza mavuno ya kwanza ya buluberi za kupandwa. Huko zinaiva wakati wa joto lao, kati ya Juni na Agosti, zote kwa pamoja. Mama hana muda wa kusukuma unga wa pai, basi anajaza bakuli kwa matunda, anamwagia chenga juu, anaoka.

Siku hizi buluberi zinalimwa hata Kenya katika mashamba kadhaa ya nyanda za juu, nyingi zikiwa za kuuzwa nje. Lakini mmea wenyewe unataka udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na tunda ni ghali. Akija mtu na miche akiwaahidi utajiri, pimeni udongo kwanza na mumwulize nani atanunua. Mambo ya kware ya 2014 bado tunayakumbuka, kila mtu alifuga na soko likaanguka. Kwa hiyo kwa Wamarekani tukope njia ya kupika, tunda tuwaachie. Kwao chakula hiki ni rahisi kwa sababu tunda liko tele. Kwetu lililo tele ni embe.

Kuchagua maembe

Yafaa maembe yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Embe aina ya apple ni zuri kwa sababu halina nyuzi nyingi. Lililogongwa au lenye doa kwenye ganda si la kutupwa, kata sehemu mbaya kwa upana, tumia iliyobaki. Lakini lenye ukungu, lenye funza, au linalonuka kama pombe, hilo lisiingie sufuriani hata kama ni la bure.

Mahitaji ya watu 8

Maembe 6 ya kadiri, yatoe kama kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande. Sukari vijiko vikubwa 3, maji ya ndimu moja, na unga wa ngano kijiko kikubwa kimoja cha kushika maji ya embe. Kwa chenga za juu: unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 100, majarini gramu 100, karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu kikombe, chumvi kidogo. Mdalasini ukiwapo, vizuri. Usipokuwapo, si hoja.

Wamarekani hutia oti mahali pa karanga. Karanga zetu zina ladha kuliko oti, hayo ni maoni yetu. Ila mzichambue moja moja kabla ya kukaanga. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au kuota ukungu zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Watu wa Makueni na Kitui hawahitaji kuelezwa sana: mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za Mashariki kwa sumu hiyo ndani ya mahindi. Msiwape kuku karanga mlizozikataa. Zichimbieni.

Kutayarisha

Nawa mikono, osha maembe kabla ya kuyamenya. Changanya vipande na sukari, ndimu na kile kijiko cha unga, weka kwenye sufuria ndogo iliyopakwa majarini. Katika bakuli lingine, sugua majarini ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga wenye punje kubwa kubwa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wakiona unga haushikani wanaongeza maji, na wanapata chapati ngumu. Usitie maji hata tone. Chenga zinatakiwa zibaki zimeachana ili mvuke wa embe upite katikati, na juu pakauke. Halafu tia sukari, karanga na chumvi, mwaga juu ya maembe bila kushindilia.

Oveni ya sufuria

Chukua sufuria kubwa ya zamani, weka ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili. Ibandike kwenye jiko la makaa. Funika kwa sinia, weka makaa yanayowaka juu yake, iache ipate moto kwa dakika 15. Kupima, weka unga kidogo kwenye kifuniko kidogo cha chuma ndani ya sufuria: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika kama 5, moto unatosha. Ukiwa mweusi upesi, punguza makaa.

Sasa ingiza ile sufuria ndogo, funika tena. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana ya chini yanaunguza sukari na ya juu ndiyo yanayokausha chenga. Baada ya dakika 40 hivi angalia: maji ya embe yawe yanachemka pembeni na juu pawe na rangi ya kahawia. Acha ipoe nusu saa kabla ya kupakua, ili maji yashikane.

Mambo mawili ya hatari. Msioke kwa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa yake inaua bila harufu. Na msiweke matunda kwenye chombo cha mabati ya kuezekea, kwa sababu asidi ya tunda inayeyusha zinki.

Mahali pasipo na maembe, njia ni ileile. Limuru kuna plamu, kwingine kuna mapera au mananasi. Penye forosadi mna bahati, maana hilo linakaribia buluberi kwa rangi na ulaini. Lina maji mengi, basi tieni unga vijiko viwili.

Je, inafaa kuuza?

Tupige hesabu kwa bei za mfano, ninyi mtaweka za soko lenu. Unga, sukari, majarini na karanga shilingi 120. Ndimu na mdalasini 15. Makaa 45. Maembe 6 kwa shilingi 5 kila moja, 30. Wengi husema ati maembe ni ya shambani hayahesabiwi. Yahesabiwe, kwa sababu aliyeyaleta ni mwanachama na angeweza kuyauza. Jumla ni 210. Mkigawa mafungu 8, kila fungu limewagharimu shilingi 26 na senti. Mkiuza kwa 35 mnapata 280, faida 70.

Akina mama wawili wamefanya kazi saa mbili kwa shilingi 70. Kwa sufuria moja, basi, hiki ni chakula cha nyumbani na cha siku ya mkutano, bado si biashara. Mkioka sufuria nne pamoja siku ya soko, na watu wawili wale wale, hesabu inabadilika. Lakini mafungu mawili yakikopwa katika kila sufuria, faida yote imekwenda. Fungu lililobaki jioni liliwe hukohuko, kwani bila friji embe linachacha na chenga zinalowa. La jana lisiuzwe. Kabla ya kuanza, mwoneni afisa wa afya ya umma kuhusu cheti cha wanaoshika chakula.

Ya kuzungumzia kikundini

1. Msimu uliopita, ni debe ngapi za matunda zilioza katika maboma yetu?

2. Nani ana sufuria kubwa, nani ana mchanga safi, na tutaoka kwa nani mara ya kwanza?

3. Mwanachama akikopa fungu sokoni, tutaliandika wapi, na atalipa lini?

4. Mweka hazina alete bei za wiki hii, turudie hesabu ile pamoja.