Fuata Kilo Moja Mpaka Ilipwe

Kila mwaka KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, inapotangaza nafasi za vyuo vikuu, hawakosekani vijana wa Kianyaga, Kimunye na Kiamutugu waliopangiwa shahada ya teknolojia ya habari za biashara, ile ambayo wengi huiita BBIT. Mzazi huuliza: hiyo ni kompyuta au ni biashara? Ni swali zuri, na mwanafunzi anapaswa kuwa na jibu kabla muhula wa kwanza haujaisha. Jibu langu ni kwamba unakwenda kusomea kazi za watu na hesabu zake. Kompyuta ni chombo utakachotumia ukishazielewa. Anayeanza na kompyuta humaliza miaka minne akijua kuandika programu bila kujua inamtatulia nani shida gani.

Sisi wa Kirinyaga tuna bahati, kwa sababu somo lenyewe liko nje ya mlango. Ukiwa likizo katika msimu wa kahawa, omba ruhusa kwa meneja wa kiwanda chochote kilicho karibu nawe, kiwe cha chama cha ushirika cha Baragwi, cha Rungeto au kingine, ukae karibu na mizani siku nzima. Mkulima analeta magunia, anamwaga kahawa, anatenga mbivu na mbichi, anapimiwa. Karani anaandika namba ya mwanachama na uzito, kisha anatoa risiti. Sasa chagua kilo moja uifuate. Inaingia kwenye jumla ya siku ya kiwanda. Inatolewa ganda la nje, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa. Inapelekwa kinuni kukobolewa na kugawanywa kwa gredi, AA, AB, PB na nyinginezo, halafu mnadani Nairobi. Fedha zinarudi, makato yanatolewa, mkulima analipwa.

Chora safari hiyo kwenye karatasi moja kubwa. Kwenye kila hatua andika ni nani anayeweka kumbukumbu, ni nani anayeidhinisha, na ni nani atakayegundua mmoja wao akikosea. Ukikuta mahali ambapo mtu mmoja anapima, anaandika na kuidhinisha peke yake, umepata udhaifu wa kwanza wa mfumo hata kabla ya kuwasha kompyuta. Angalia pia pale kipimo kinapobadilika. Huhitajika takriban kilo sita hadi saba za kahawa mbivu kupata kilo moja ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Mfumo usioweza kuonyesha zile nyingine zimekwenda wapi utazua ugomvi kwenye mkutano mkuu wa chama, hata kama hakuna aliyeiba chochote.

Kuchambua kazi kwanza namna hii ndiko kulikoleta kompyuta ya kwanza ya biashara duniani. Haikutokana na kiwanda cha mashine bali na J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na mikahawa ya chai na keki. Watu wa ofisi zake walikuwa wamezichambua kazi zao za makaratasi kwa miaka mingi. Kompyuta yao, LEO, ilipoanza kazi mwaka 1951, walijua tayari wanataka iwafanyie nini, na walianza na hesabu za bidhaa za kuokwa.

Chuoni, somo ambalo hupaswi kulifanyia mzaha ni la hifadhidata. Chukua daftari la wanachama. Kwa mila ya Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na wa kike wa kwanza jina la nyanya yake upande huohuo. Ndugu watano wakizaa, wanaweza kupatikana watoto watano wenye jina moja katika ukoo mmoja. Mwanafunzi atakayetumia jina kumtambua mwanachama atamlipa mtu asiyestahili. Sawa, tutumie namba. Lakini mzee mwenye namba akifa, wanawe wanne hugawana mibuni na kuendelea kuleta kahawa kwa namba ya baba, wakati mwingine kwa miaka, kwa sababu kesi ya mirathi haijaisha. Namba moja, watu wanne, akaunti moja ya benki. Kwa hiyo utenganishe vitu vinne kwenye majedwali yako: mwanachama, shamba, anayeleta mzigo na anayelipwa. Uhusiano wao uwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na lolote la zamani lisifutwe. Ukilielewa tatizo hili moja kwa undani, mtihani hautakusumbua.

Uhasibu nao wengi huupita kwa kukariri. Usifanye hivyo. Nunua leja, uandike kwa mkono hesabu za mkulima mmoja wa kubuni: amechukua mbolea kwa mkopo, ameleta kahawa mara kadhaa, amelipwa, amekatwa. Debiti na krediti zisawazike. Halafu jifanye karani amekosea kilo, urekebishe kwa ingizo jipya linalobatilisha lile la kwanza, bila kufuta kitu. Mkaguzi wa hesabu lazima aone kosa na marekebisho yake. Ukiweza hilo kwenye karatasi, utajua programu yako inapaswa kukataa nini.

Kwa upande wa majani chai, simama kwenye kituo cha kununulia uangalie mizani ya kielektroniki ikifanya kazi. Jiulize: mtandao ukikatika katikati ya kutuma, mashine ikatuma tena, mkulima ataandikiwa mara mbili? Kila upimaji unahitaji namba yake ya pekee ili wa pili utambuliwe na kukataliwa. Malipo ya M-Pesa yanahitaji uangalifu huohuo. Wanafunzi hujaribu malipo yanapofaulu tu, ilhali kazi kubwa ni pale jibu lisiporudi na hujui kama pesa zimekwenda.

Lugha ya programu, ijue moja vizuri, na SQL, lugha ya hifadhidata, uijue hata usingizini. Isome Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Orodha ya malipo yenye namba za vitambulisho haifai kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Na ujizoeze kumsomea mkulima risiti yake kwa Gĩkũyũ na kwa Kiswahili, kila kato ulieleze, mpaka aache kuuliza kwa sababu ameelewa na si kwa sababu amechoka.

Mradi wa mwaka wa mwisho usiwe duka jingine la mtandaoni lisilo na mteja. Chukua tatizo la nyumbani, lakini utumie data ya kubuni. Na unapotafuta mafunzo ya kazini, si lazima yawe Nairobi. Kuna sako Kerugoya, wauza pembejeo Kutus, vinu vya mpunga Wang'uru. Peleka barua mwenyewe, mapema, na usiandike kwamba unataka kazi ya kompyuta. Omba wiki ya kwanza uketi na karani wa malipo, na umwombe akuonyeshe malalamiko ambayo wakulima humletea mara kwa mara.