Kubadilisha Safuwima Bila Kupoteza Data

Katika programu ya Microsoft Access, kubadilisha aina ya safuwima si sawa na kubadilisha jina lake. Jina likibadilishwa, data husalia ilivyokuwa. Aina ikibadilishwa, data yenyewe yaweza kugeuka. Mfano mwafaka ni msimbo wa Kaunti ya Kakamega, ambao huandikwa 037. Safuwima ya maandishi ikigeuzwa kuwa ya nambari, 037 huwa 37. Ikirejeshwa kuwa ya maandishi, sufuri hairudi. Nambari za simu zinazoanza kwa 07 hupatwa na hasara iyo hiyo. Vilevile, ukubwa wa safuwima ukipunguzwa kutoka herufi 50 hadi 10, majina marefu hukatwa. Kwa hiyo, sharti jedwali linakiliwe kwanza, ndipo safuwima ibadilishwe. Tarakimu zisizokusudiwa kukokotolewa zihifadhiwe kama maandishi.